Muulize Mwashi: Jeneza Lililoning'inia

*Asalaam alaikum, Mzee. Dukani kwa jirani yangu kuna kalenda yenye picha ya mnara wa matofali; chini imeandikwa ni kaburi la mtawala wa Iran, lina miaka 1,000. Jirani anaapa jeneza lilining'inizwa humo ndani. Ni kweli? Na mbona ukuta wangu wa 2015 umeshaanza kumomonyoka?*
Msomaji, Jinja

Waalaikum salaam, mwanangu. Nianze na ukuta, maana ndio kazi yangu. Huku Bombo nimechoma matofali tangu ujana. La ukingoni mwa tanuri haliivi. Ligonge: lililoiva hulia kama sahani, bichi hutoa sauti butu. Wauzaji hupakia yote lori moja.

Mnara huo ni Gonbad-e Qabus. Ni tofali la kuchoma tupu, bila vigae, mita 53 kwenda juu. Umbo lake ni nyota ya pembe 10: mbavu 10 zenye ncha zinapanda kutoka chini hadi chini ya paa. Wengi huziita pambo. Mimi naona ukuta umeegemezwa pande zote. Tena unapungua kadiri unavyopanda, upana mita 17 chini, 15.5 juu, halafu paa limechongoka kama kofia, mvua haipati pa kutuama. Paa lako wewe limetokeza kiasi gani nje ya ukuta? Pima.

Sasa jeneza. Masimulizi husema lilikuwa la kioo, likining'inia darini, na jua la asubuhi liliingia kwa kidirisha cha mashariki. Kidirisha kipo. Mwili haukuonekana, hata walipochimba sakafu. Maandishi ya Kikufi (mwandiko wa kale wa Kiarabu) ukutani yanasema mtawala huyo, Amiri Qabus bin Wushmgir, aliamrisha ujenzi akiwa hai, mwaka 397 Hijria (1006/1007), na yanauita *qasr*, yaani kasri! Neno kaburi halimo. Mwaka 1012 maofisa wake mwenyewe walimpindua, akafa kwa baridi.

Hapa kwetu Uganda, Kasubi ilikuwa kasri la Kabaka (mfalme wa Buganda) Mutesa wa Kwanza tangu 1882. Alipofariki 1884 ndipo ikawa kaburi. Kwa Qabus sithubutu kuapa kama jirani yako. Mwombe tu, mwaka ukiisha, aninyofolee ukurasa huo wa kalenda.