Nilipita kwenye kimbunga kumfuata mke wangu, sasa ananinyima mtoto

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanaume wa miaka 36, nauza vipuri Kariakoo. Mke wangu ni mwalimu Lindi, anaishi na mama yake. Mei 2024 binti yetu, wakati huo ana miaka minne, alikuwa kwangu Dar kwa wiki mbili. Ijumaa ya tarehe 3 nilishikwa na hamu ya kuiona familia yangu, nikaamua kuondoka usiku uleule na mtoto. Redio zilikuwa zinatangaza kimbunga Hidaya, lakini tulishatishwa na Kenneth mwaka 2019 na Jobo mwaka 2021, havikutufika. Mama mkwe naye alikuwa amenisumbua kwa simu mchana kutwa. Mke wangu alikuwa hapokei simu tangu magharibi.

Niliondoka saa tatu usiku. Mvua ilitukuta Kibiti, upepo tukaukuta baada ya Daraja la Mkapa. Karibu na Somanga maji yalikuwa yanakatiza barabara. Pa kwanza nilivuka salama nyuma ya lori. Pa pili gari lilizima katikati. Utingo wa lori na vijana wakatutoa, tukahifadhiwa siku kadhaa kwa mama mmoja pale Somanga maana barabara ilikuwa imekatika. Nilipofika Lindi, mke wangu alimchukua mtoto mikononi mwangu akaingia ndani bila neno. Mwaka mzima sasa hataki mtoto apande gari langu, na mama mkwe ndiye anayemjaza maneno. Nilihatarisha maisha kwa ajili yake. Nimekutumia video uone mwenyewe. Nifanyeje ili athamini mapenzi yangu?

Baba wa Binti Mmoja, Dar es Salaam

Marahaba mwanangu, na pole. Kukwama gizani katikati ya maji simuombei mtu, na namshukuru Mungu kwamba habari hii umeiandika kwa mkono wako mwenyewe. Pole hiyo ichukue uiweke, maana huko mbele hakuna nyingine.

Video yako nimeitazama mara tatu. Mara ya kwanza niliangalia maji, kama ulivyotaka. Taa za gari zinamulika maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanatoka kulia yanakwenda kushoto, wipa zinapiga mbiombio na kioo hakisafiki, gogo linapita mbele ya boneti. Mara ya pili nikasikiliza. Nyuma yako kuna sauti ndogo inasema, "Baba, kiatu changu kinaelea." Na wewe unajibu, "Subiri kidogo mama, narekodi." Mara ya tatu sikuimaliza.

Mtoto ameona maji ndani ya gari, amemwambia mtu mkubwa pekee aliyekuwa naye, na mtu mkubwa akamwambia asubiri. Hapo ndipo kesi yako ilipo, na wala haikuanzia mlangoni Lindi. Tena tazama barua yako. Binti umemtaja mwanzoni, kama mtu anavyoutaja mzigo aliopakia, kisha hasikiki tena mpaka mama yake anapomchukua. Nani alimtoa garini, wewe au utingo? Alilia? Usiku ule alivalishwa nini, maana nguo zake bila shaka zililowa? Hukuniambia. Lakini mama yake anayajua yote, kwa sababu mtoto wa miaka minne husimulia. Husimulia akioga, husimulia akila uji, husimulia mvua ikianza kupiga bati. Huyo ndiye anayemjaza mkeo maneno. Mama mkwe mwache.

Sasa tuizungumze hiyo hamu. Mwanangu, mimi niliishi kwenye ndoa miaka 31 na dereva, hamu naijua. Mwenye hamu hutengeneza safari tangu Jumatano, hununua zawadi, huuliza huko kumeisha nini nyumbani. Hamu husubiri kupambazuke. Wewe uliondoka saa tatu usiku, mtoto yuko usingizini, mvua inatangazwa, na sababu umeiandika mwenyewe kwa mstari mmoja ukidhani sitauona: hapokei simu tangu magharibi. Ulikuwa unakwenda kumfumania. Ulitaka kugonga mlango alfajiri uone nani atatoka. Nikikosea, nitaomba radhi, lakini sidhani kama nimekosea, kwa sababu mwanaume aliyekuwa na hamu tu angesema "nimefika nikamkumbatia". Hata kama aliufunga mlango, angesema alivyotamani kumkumbatia. Katika barua yako yote hakuna neno hata moja la furaha ya kumwona mkeo.

Na kutopokea simu ile jioni, umewahi kumuuliza? Upepo unapoanza kuvuma pwani ya kusini, kinachotangulia kukatika ni umeme, na mtandao haukawii kufuata. Huenda simu ilikufa chaji. Huenda alikuwa juu ya kiti anaziba madirisha na mama yake. Yeye alijua mwanawe yuko Dar, kwenye nyumba ya tofali, na baba yake. Wazo hilo ndilo lililompa usingizi usiku ule, mwanangu. Alilala akijua mtoto yuko salama, kumbe mtoto yuko Somanga kiatu kinaelea. Jiweke hapo kidogo kabla hujasoma mbele.

Mama mkwe unasema alikusumbua mchana kutwa. Kusema nini? Hilo hukuliandika, na mtu akiacha jambo kama hilo ujue linamuuma. Alikwambia msije. Mzazi wa Lindi hawezi kusema jingine siku ile. Mji ule ulipigwa na kimbunga Aprili 1952, na habari za namna hiyo hazifi, mama humpa binti na binti humpa wake. Huko Dar Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatahadharisha, na boti za Unguja zilisitisha safari. Wenye vyombo vya kubeba mamia ya watu, wanaopoteza pesa kila chombo kinapolala bandarini, walikubali hasara. Wewe na gari dogo la chini ukaona wanatishana. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na safari hii guu lingekuwa la mtoto.

Unasema Kenneth na Jobo havikutufika. Kenneth, mwanangu, alifika. Aliingia Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma kutoka kwa ndugu zetu wa Mtwara, akaua watu na kubomoa vijiji. Jobo alipungua nguvu kabla hajatukamata. Tuliponea, basi. Mtu akiponea mara mbili hushukuru, hajifunzi kwamba tahadhari ni uongo. Na neno hili wengi wenu mnalirudia kila mwaka, ndiyo maana nalisema kwa ukali: watabiri wakisema jambo likapita pembeni, wamefanya kazi yao. Wakisema likaja, na wewe ulikuwa barabarani, hapo hakuna wa kumlaumu.

Marehemu mume wangu aliendesha lori njia hiyohiyo ya kusini kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003. Leo mnapita daraja lenye urefu wa mita 970 juu ya Rufiji bila hata kupunguza redio. Wao walikuwa wanasubiri pantoni pale Ndundu, na masika yakikolea walilala siku nyingi na mizigo yao, wanapika kando ya barabara. Alikuwa na neno moja alilotufundisha sote nyumbani: maji yakifunika lami, lami haipo. Kwa sababu huijui tena. Maji mengi yakilizidi kalavati, hula udongo wa tuta kutoka chini, na lami hubaki juu imening'inia kama mfuniko wa chungu. Lori la mbele linaweza kupita, wewe wa nyuma ukadidimia. Ulisema ulivuka pa kwanza nyuma ya lori kana kwamba hiyo ni hesabu. Lori lina uzito na limeinuka. Gari dogo halihitaji maji mengi: yakienda kasi na kina chake ni sentimita 30 hivi, yanaweza kuliinua na kulisukuma. Sentimita 30 ni rula ya mwanafunzi. Mkeo anazo darasani, muombe akuonyeshe ilivyo fupi. Yakifika sentimita 60, hata magari makubwa hayana amani. Na usiku huoni kina, unaona uso wa maji tu unang'aa kwenye taa. Maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Tena bonde la Rufiji lilikuwa limeshajaa tangu Aprili mwaka ule, watu wamehama makazi yao. Ulipita katikati ya nchi iliyolowa chepechepe, na bado ukaendelea. Kibiti mvua ilipokukuta kulikuwa na nyumba za wageni. Ikwiriri pia. Ungelipa kitanda, ungemlaza mtoto, ungempigia mama mkwe kumwambia "tumelala Ikwiriri". Usiku ule mmoja ungekupa heshima ambayo umeitafuta mwaka mzima hukuipata. Kawia ufike, walisema wazee, na hawakuwa na barabara ya lami walipoyasema hayo.

Naomba wengine pia mnisikilize hapa, kwa sababu barua za namna hii zimekuwa nyingi. Ndoa za siku hizi mume yuko Kariakoo, mke yuko kwenye kituo chake cha kazi, na kinachowaunganisha ni simu. Sikatai, kazi ndizo zilivyo. Lakini simu mmeigeuza kamba ya mbuzi. Ikiita mara tatu bila jibu, mtu anaona ndoa imeshaingiliwa. Sisi barua ilipewa kondakta wa basi, ikakaa wiki tatu njiani, ikafika imekunjika kona, na katikati ya wiki hizo tatu ulimwamini mwenzako kwa sababu hukuwa na jingine la kufanya. Kuaminiana kulijengeka kwenye ule ukimya. Ninyi ukimya wa saa tatu hamuuwezi.

Na jambo la pili, mapenzi yamekuwa ya kuonyeshwa. Mume hapigi simu wiki nzima kuuliza mtoto amekula nini, halafu anatokea usiku wa manane katikati ya tufani anataka kupigiwa vigelegele. Mwanamke anayelea peke yake haombi mwanaume aliyepita kwenye kimbunga. Anaomba mwanaume akisema Jumamosi, iwe Jumamosi, na akiambiwa baki, abaki. Wewe umeniuliza afanyweje ili athamini. Yeye kwa mwaka mzima anajiuliza swali jingine kabisa: huyu mtu nikimkabidhi mtoto tena, akikasirika atafanya nini? Hilo hujalijibu. Kwa hiyo sitamwambia akuruhusu, na hata angeniandikia yeye leo kuniuliza kama amezidisha, ningemjibu hajazidisha.

Fanya hivi. Nenda Lindi kwa basi, la asubuhi, gari liache Dar. Ukifika anza kwa mama mkwe. Kaa chini, mwambie: "Mama, ulinikataza nikakudharau, na nilimbeba mjukuu wako kwenye maji. Nisamehe." Usiongeze "lakini". Usiseme ulikuwa na hamu, maana yeye si mtoto. Akikusema, msikilize mpaka amalize, na huenda akachukua muda.

Kisha mkeo, mkiwa wawili. Mwambie ukweli wa simu. Mwambie ulimshuku. Itamuuma, najua, na huenda utarudi Dar mambo yakiwa mabaya kuliko ulivyokwenda. Lakini anakisia tayari, mwanangu. Mwanamke aliyeona mumewe anafika mlangoni, macho yanazunguka ndani badala ya kumtazama yeye, alishaelewa. Kinachomkalia rohoni ni kwamba unaendelea kuita jambo lile mapenzi.

Video ifute mbele yake. Umeshawaonyesha wangapi? Mimi si wa kwanza, naamini, na kila uliyemwonyesha ameisikia ile sauti ya mtoto.

Kuhusu gari, usiombe. Mtoto akitaka kuja Dar, mfuate kwa basi, kaa naye kiti kimoja, mshikie kiatu chake. Fanya hivyo mara ngapi, sijui. Siku mama yake atakayosema "mchukue na gari", utajua, na usiharakishe siku hiyo.

Na safari hiyohiyo ya kwanza, kabla hujafika Lindi, shuka Somanga. Beba sukari na mchele. Mtafute yule mama aliyewalaza siku kadhaa na kumvika mwanao nguo kavu, maana naamini ni yeye, si wewe. Mtafute na utingo kama bado yupo njia ile, madereva watakwambia. Waulize majina yao. Katika barua nzima hukuyaandika.