Maswali ya Wasomaji: Zana za Bwana

SWALI: Katika kikundi chetu cha kusoma tumebishana sana juu ya kauli ya mshairi Mweusi wa Marekani, Audre Lorde, kwamba zana za bwana hazitaibomoa nyumba ya bwana. Wengine wanasema alikataa elimu ya wazungu. Je, ni kweli? Na tuanze na kitabu kipi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Si kweli. Lorde, mzaliwa wa New York mwaka 1934, alipata shahada ya ukutubi Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1961, akafanya kazi maktaba kabla ya kuwa mwalimu wa vyuo. Mtu wa vitabu hasa.

Ubishi wenu unatokana na sentensi kukatwa na kubaki peke yake. Aliisema mwaka 1979 kwenye mkutano wa wanawake wasomi, New York. Alikuta wanawake Weusi na wanaopenda wanawake wametengewa kikao kimoja tu. Akawauliza wenyeji wake wazungu: mkiwa hapa mnajadili ukombozi, nani kabaki kuwasafishia nyumba na kuwalelea watoto? Zana anazozisema ndizo hizo, kutenga na kupangana madaraja. Someni na sentensi inayofuata: zana hizo huweza kutupa ushindi wa muda katika mchezo wa bwana, lakini hazileti mageuzi ya kweli.

Mkitafsiri, angalieni neno "bwana". Kwetu ni mume, tena ni neno la heshima, kwa hiyo msikilizaji atadhani mnazungumzia ndoa. Mara ya kwanza semeni "bwana mwenye watumwa". Pwani, palipokuwa na mabwana na watwana, maana itaingia bila maelezo marefu.

Kitabu ni Sister Outsider (1984), chenye insha na hotuba 15. Anzeni na hotuba hiyo ya zana za bwana; ni kurasa 4 tu, isomeni yote kwa sauti ndipo mjadili. Halafu chukueni shairi "Power", lililomo katika The Black Unicorn (1978). Hapo wengi hupotea, kwa kuwa mapema tu linaleta jangwa na mtoto anayevuja damu bila kueleza ni nani. Basi toeni kisa kwanza: Clifford Glover, mtoto Mweusi wa miaka 10, aliuawa kwa risasi ya polisi huko Queens, New York, mwaka 1973. Polisi huyo akaachiwa huru na baraza la waamuzi 12, wanaume wazungu 11 na mwanamke Mweusi mmoja. Lorde alisikia habari redioni akiendesha gari. Ilibidi asimame kando ya barabara aandike. Mkilijua hilo, jangwa lile litaeleweka.

SWALI: Dada yangu amekatwa titi kwa saratani. Lorde aliandika lolote juu ya hilo?

JIBU: Ndiyo, The Cancer Journals (1980). Yeye alikatwa titi mwaka 1978 na akakataa kuvaa la bandia, hata muuguzi alipomwambia kwamba hilo linaharibu ari ya ofisi ya daktari. Hakuwakataza wanaolitaka, alichopinga ni mwanamke kuharakishwa kuficha kidonda kabla hajaomboleza. Matibabu aliyoyaeleza ni ya wakati ule, kwa hiyo ya dawa muulizeni daktari wa dada yako.