Lori likipiga mabomu, usianzie kwenye distributa

Mwanagenzi akisikia lori la petroli linapiga mabomu, yaani linalipuka kwenye kabureta au ekzosi, mkono wake wa kwanza huenda kwenye distributa, kile kifaa kinachogawa cheche kwa plagi na ambacho ukikizungusha unabadilisha wakati wa cheche. Analegeza bolti, anazungusha kidogo, anategesha sikio, anazungusha tena. Nami nilikuwa hivyo hivyo, na kuna injini moja iliyonila siku mbili nzima ilhali distributa yake haikuwa na kosa lolote. Nitafika kwenye kisa hicho. Kwanza jiulize swali ambalo mimi sikujiuliza: mlio unatokea wapi?

Mlio wa kabureta na mlio wa ekzosi ni magonjwa mawili. Kabureta ikipiga chafya, ujue moto umerudi kwenye manifoldi, yaani mabomba ya kuingizia mchanganyiko wa hewa na petroli, kupitia valvu ya kuingizia. Huenda mchanganyiko una hewa nyingi na petroli chache. Mchanganyiko wa namna hiyo huungua taratibu, na valvu ikifunguka kwa zamu inayofuata hukuta moto bado haujazimika. Huenda valvu yenyewe haifungi sawasawa, au waya za plagi zimepishana. Ekzosi ikilipuka, basi petroli ambayo haikuungua ndani ya silinda imekwenda kuungulia kwenye bomba: plagi inamisi, yaani inaruka zamu bila kuwasha, au cheche inachelewa. Na kama lori linapiga pale tu dereva anapoachia pedali ya mafuta kwenye mteremko, kagua gasketi na maungio ya ekzosi kabla ya kushika kitu kingine. Hewa ikiingia hapo, petroli iliyobaki bombani hulipuka kwa urahisi.

Kisha muulize dereva lilianza lini. Wengi tunaruka hatua hii kwa sababu tunaona tunajua zaidi yake. Kama lilianza siku waya za plagi zilipobadilishwa, umeshapata pa kuanzia. Kama linasumbua siku za mvua tu, subiri giza, washa injini, fungua boneti na utazame kofia ya distributa na waya zake. Cheche za bluu zinazotambaa juu ya plastiki utaziona kwa macho. Kofia yenye ufa au mstari mweusi wa kaboni hairekebishwi, inabadilishwa.

Kwenye waya, kuijua oda ya kuwaka, yaani zamu za silinda kuwaka, peke yake hakutoshi. Injini nyingi za silinda 6 za mstari mmoja huwaka kwa oda ya 1-5-3-6-2-4, na za silinda 4 mara nyingi ni 1-3-4-2, lakini ni lazima pia ujue rota, kile kipande kinachozunguka chini ya kofia ya distributa, inazunguka kuelekea wapi. Toa kofia, mwenzako apige stata kidogo, uangalie kwa macho. Nimeona mtu ana oda sahihi kichwani, kaipanga kinyumenyume, na kabureta ikamrushia moto usoni. Kwenye V8 (injini za silinda 8 zilizopangwa kwa umbo la V) za zamani za Chevrolet oda ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Silinda ya 5 na ya 7 zimekaa jirani na zinawaka kwa kufuatana, kwa hiyo waya zake zikilala pamoja kwa urefu mrefu, cheche ya moja inaweza kuamsha ya pili. Zitenganishe.

Lipo pia kosa la distributa iliyong'olewa ikarudishwa kinyume. Krenki, shafti kuu ya injini, huzunguka mara mbili distributa ikizunguka mara moja, kwa hiyo pistoni ya kwanza hufika juu mara mbili, na ni mara moja tu inapokuwa imebana hewa. Toa plagi ya kwanza, ziba tundu kwa kidole, zungusha injini kwa mkono. Pumzi ikisukuma kidole, hiyo ndiyo zamu ya kuwaka, na distributa ipangwe kwa zamu hiyo.

Kama distributa ni ya pointi, vile vipande viwili vinavyofunguka na kufunga ili cheche itoke, zishughulikie kabla ya taimingi, yaani wakati wa cheche. Mwanya ukiongezeka, pointi hufunguka mapema na cheche hutangulia. Ukipungua, cheche huchelewa. Kile kisigino kinachosugua kamu huliwa pole pole, mwanya ukabana, na lori likaanza kuchoka bila mtu kuligusa. Injini nyingi hutaka mwanya wa milimita 0.4 hadi 0.5, ila kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Ukitengeneza taimingi kwanza halafu pointi, utaanza upya.

Sasa kile kisa. Lori lilikuwa na silinda 6, linapanda joto, halina nguvu, likibeba mzigo ekzosi inalipuka. Nikachomoa mpira wa vakyumu unaoingia kwenye distributa, nikauziba, nikawasha taa ya taimingi, ile inayomulika kila plagi ya kwanza inapotoa cheche. Alama kwenye puli ya mbele ya krenki ilisimama kwenye digrii 8 kabla pistoni haijafika juu, kama kitabu kinavyotaka. Nikabadilisha plagi, koili, kondensa. Halikubadilika. Nikazungusha distributa kwa sikio na injini ikatulia vizuri kabisa, lakini taa ikaniambia digrii 26. Nikaona sikio langu ndilo bovu, nikairudisha kwenye 8, mabomu yakaanza tena. Nilirudia mchezo huo sijui mara ngapi.

Fundi aliyenizidi umri akanyoosha kidole kwenye puli. Zile puli zina vipande viwili vya chuma vyenye mpira katikati, na mpira ukizeeka pete ya nje huteleza ikahama na alama yake. Tukachomoa waya wa betri na plagi zote, tukafunga kwenye tundu la kwanza plagi ya zamani iliyotolewa kauri na kuwekwa bolti ndani. Ukazungusha krenki kwa mkono, taratibu, pistoni ikagusa bolti: weka alama. Ukazungusha upande wa pili hadi ikagusa tena: alama ya pili. Katikati ya hizo mbili ndiyo juu ya kweli. Kwenye lori lile ilikuwa mbali na alama ya kiwandani kwa karibu sentimita 3. Taa ilikuwa nzima na sikio lilikuwa zima, alama ndiyo iliyokuwa inadanganya. Puli tuliibadilisha, maana pete ikishaanza kuteleza inaweza kuchomoka na kwenda kwenye rejeta.

Alama ikiwa ya kweli na taimingi bado inarukaruka, shuka kwenye taimingi cheni, ile inayounganisha krenki na kamu. Toa kofia ya distributa, zungusha krenki upande mmoja hadi rota isogee, kisha irudishe taratibu huku ukihesabu digrii kabla rota haijaitikia. Zikipita 10, cheni imelegea, na hakuna utakachorekebisha kwa kuzungusha distributa. Angalia pia vile vizito na springi zilizo chini ya bamba la pointi, ambavyo hutanguliza cheche injini inapozidi kasi. Vikigandishwa na kutu, cheche haitangulii injini inapokolea. Kwa taa utaona alama imetulia palepale hata ukivuta mafuta, wakati inatakiwa kuhama.

Katika haya yote, usiiname juu ya kabureta iliyo wazi wakati mwenzako anapiga stata, na usimimine petroli humo kwa chupa ili iwahi kuwaka.

Ukimaliza, rudisha mpira wa vakyumu, kaza bolti ya distributa, halafu lijaribu likiwa na mzigo kwenye mlima. Ukisikia injini inagonga kama kokoto ndani ya kopo, cheche imetangulia mno. Irudishe digrii 2, upande tena.