Mwanangu, itembee kwanza njia ya kurudi nyumbani

Mwanangu,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kwa furaha ya hiyo kazi mpya. Mara ya pili nilirudi kwenye yale maneno ya mwisho, uliyoyaandika kama mtu anayeona haya kuuliza. Unasema mwezi ujao uwe umeshahamia, mji wenyewe huujui, na umetafutiwa vyumba viwili. Kimoja kiko jirani na ofisi, na kodi yake inameza nusu ya mshahara. Kingine kiko pembezoni kabisa, kodi yake ni robo ya mshahara, ila kila unayemtajia anakwambia, "Kule si salama." Na dalali anataka pesa kabla ya Ijumaa. Ukamalizia: "Mama, nichukue kipi?"

Nikikujibu, nitakuwa nimekuchagulia nyumba nisiyoiona, na wewe utakuwa umelipia nyumba usiyoiona. Kwa hiyo usilipie hata kimoja mpaka uwe umetembea kwa miguu kutoka kituo cha basi hadi kwenye mlango wa hicho chumba, saa ileile utakayokuwa unarudi kutoka kazini. Kama utakuwa unatoka ofisini usiku, nenda usiku. Usiende Jumamosi asubuhi na dalali, jua linawaka na watoto wanacheza. Saa hiyo kila mtaa ni mzuri.

Watu huzungumzia mtaa kama kitu kimoja: huu mbaya, ule mzuri. Mambo hayaendi hivyo. Mwaka 1989 mtafiti Lawrence Sherman na wenzake walichapisha hesabu ya simu zilizopigwa kwa polisi katika mji wa Minneapolis, Marekani, wakakuta nusu ya simu zote zilitoka kwenye asilimia 3 hivi tu ya mahali pote mjini. Hata ndani ya maeneo yenye sifa mbaya, sehemu nyingi zilikuwa zimetulia. Kwa hiyo ukiambiwa "kule si salama," uliza ni wapi hasa. Ni kona gani, kichochoro kipi, saa ngapi? Kama hiyo kona haiko kwenye njia yako, hiyo ni habari ya kujua tu. Kama ndiyo utakayoipita kila jioni, basi hata geti la chuma na walinzi wawili mlangoni havitakufaa, maana utakuwa hujafika kwenye hilo geti.

Ukiwa njiani, tazama taa. Usihesabu nguzo, hesabu zinazowaka. Kisha tazama walio nje. Ukiona mwanamke anatembea peke yake bila haraka, wauzaji wamekaa wakitazama barabara, milango na madirisha yanaelekea njiani, hapo una watu hata kama huwajui. Nitakwambia jambo utakalolicheka: mimi huogopa zaidi mitaa ya wenye nacho, ile yenye kuta ndefu pande zote mbili. Unatembea hatua 200 hakuna dirisha, hakuna mtu, na ukipiga kelele atakayekusikia ni mbwa.

Halafu uliza, lakini chagua wa kumuuliza. Hao wenzako wa ofisini wanaokutisha, wangapi wamewahi kulala huko? Simama kituoni, mtafute msichana wa rika lako anayeishi hapo na kwenda kazini kama wewe. Usimuulize, "Hapa ni salama?" Hakuna atakayemwambia mgeni ubaya wa mahali anapolala mwenyewe. Muulize, "Mara ya mwisho mtu kuibiwa hapa ilikuwa lini, na alikuwa wapi?" Swali la namna hiyo lina jibu. Tena tofautisha aina ya uhalifu. Wizi wa kuvunja nyumba una kinga zake, kama kufuli nzuri, majirani, na kutoacha vitu dirishani. Kuporwa simu kunapungua ukiiweka mfukoni. Kushambuliwa njiani hakuna kufuli. Hilo likitajwa kwenye njia yako, geuka urudi, hata chumba kikiwa cha bure.

Ukikutana na takwimu za uhalifu, zisome kwa uangalifu. Eneo la biashara lenye wakazi wachache na maelfu ya wapita njia litaonekana la kutisha, kwa sababu wanaoibiwa pale ni wageni ilhali hesabu inagawanywa kwa wakazi. Eneo lingine linaweza kuonekana limetulia kwa kuwa watu wake wamechoka kuripoti.

Sasa pesa. Umesikia kwamba kodi isizidi asilimia 30 ya mshahara, na unaona aibu kuzidisha. Kanuni hiyo si busara ya wahenga. Sehemu kubwa ya asili yake ni Marekani, kwenye nyumba za serikali: mwaka 1969 sheria iliweka mpaka wa asilimia 25 ya kipato cha mpangaji, na mwaka 1981 ukapandishwa hadi 30. Ilitungwa kwa ajili ya wapangaji wale, na haiulizi kitu kuhusu nauli. Mimi ningejumlisha kodi na usafiri pamoja. Kwa namba ulizonipa, chumba cha karibu ni nusu ya mshahara, na kazini unafika kwa miguu. Cha mbali ni robo, na uliandika kwamba nauli itakula sehemu ya kumi nyingine, kwa hiyo ni asilimia 35. Bado ni nafuu. Lakini umesema pia ni saa moja zaidi kwenda na saa moja zaidi kurudi. Siku 22 za kazi kwa mwezi, hizo ni saa 44. Wiki nzima ya kazi, na zaidi, unaikalia ndani ya basi bila kulipwa. Na basi la mwisho linaondoka saa ngapi? Ukichelewa ofisini mara mbili kwa wiki ukalazimika kukodi gari, ule unafuu utauona unavyoyeyuka.

Ndiyo maana nashangaa vyumba vimekuwa viwili tu. Kati ya ofisi na huko pembezoni basi linasimama vituo vingapi? Mtu amekuonyesha ncha mbili za njia, ukadhani njia yote ni hizo ncha. Shuka katikati. Fuata ile barabara ambayo mabasi hupita mara kwa mara hadi usiku, utafute ndani ya mwendo wa dakika 10 kwa miguu kutoka kituoni. Kuna nyumba za watu wa kawaida huko ambazo hazitangazwi popote, kwa sababu mpangaji akihama jirani yake huleta ndugu yake.

Chumba chenyewe sitakisemea sana, una macho. Fungua bomba. Jaribu madirisha: nondo zisizofunguka kutoka ndani ni jela siku ya moto. Uliza kama kuna deni la umeme au maji lililoachwa na aliyetoka. Ila ukuta nitausemea, kwa sababu ulinifundisha. Nilipohamishwa kikazi mara ya kwanza, wewe ukiwa tumboni, nilipata nyumba ya bei rahisi wakati wa kiangazi. Ilikuwa na rangi mpya, safi, kutoka sakafuni hadi usawa wa magoti. Juu ya hapo rangi ilikuwa ya zamani. Nikaona mwenye nyumba ni mtu nadhifu. Mvua zilipoanza nilielewa ule mstari ulikuwa wa nini. Usiku huo nililala juu ya meza, godoro limekunjwa juu ya kabati, maji yakizunguka chini. Asubuhi nikamlalamikia mama wa jirani kwamba hakunionya. Akanitazama kwa huruma akasema, "Hukuuliza." Kwa hiyo wewe uliza: mvua kubwa ikinyesha maji hufika wapi? Na waulize majirani, usimuulize mwenye nyumba.

Huyo dalali wa Ijumaa asikuharakishe. Haraka ndiyo kazi yake, na chumba kikiondoka kingine kitakuja. Usitume hata senti kabla hujaingia ndani ukakanyaga sakafu, na kabla hujamwona mwenye nyumba au karatasi inayoonyesha ana haki ya kupangisha. Akisema mwenyewe yuko safarini, mwombe bili ya maji au ya umeme uone jina, kisha ulinganishe na jina lililo kwenye mkataba. Ukilipa, dai risiti yenye tarehe. Piga picha kila ufa na kila doa siku ya kuingia, la sivyo amana yako italipia nyufa za waliotangulia.

Kabla ya yote hayo, mwandikie mwajiri wako leo. Muulize kama kuna malazi ya wiki za mwanzo au posho ya kuhamia. Wengi hawatoi mpaka waombwe, na ukishaanza kazi ni vigumu kuomba. Kama hakuna, tafuta chumba cha muda cha mwezi mmoja karibu na ofisi, hata kikiwa kidogo na ghali. Mwezi mmoja wa ghali unavumilika. Mkataba wa mwaka mahali usipopajua hauvumiliki. Katika mwezi huo utashuka vituo tofauti jioni, na mwisho wake utaujua mji kuliko dalali anavyotaka uujue.

Ukishaitembea hiyo njia usiku, nipigie unieleze taa zilizowaka ni ngapi. Usinipigie ukiwa bado unatembea. Ingia ndani kwanza, funga mlango, ndipo utoe simu mfukoni. Nitakuwa macho.

Mama yako