Usisubiri jua: anza kutembea na kikundi majira ya tope

Ikifika Novemba, Waswahili wenzangu waliohamia Uingereza karibuni huniuliza swali lilelile: hii baridi mnaipitishaje? Jibu langu huwakera. Nawaambia watafute kikundi cha matembezi ya mashambani na waanze sasa hivi, wasingoje Mei. Siku za jua kila mtu ni mtembezi, na kwenye kundi kubwa hakuna anayelishika jina lako. Januari mkiwa wachache, mmoja anamvuta mwenzake mkono atoke kwenye tope, utafahamika kabla ya saa sita mchana.

Kupata kikundi si kazi. Chama cha Ramblers kipo tangu 1935, kina vikundi sehemu nyingi za nchi, na mgeni anaruhusiwa kujaribu matembezi machache kabla ya kulipa ada. Soma tangazo vizuri: ni maili ngapi, kuna vilima au tambarare, mnakutana stesheni gani. Maili sita za Januari si maili sita za Juni, kwa hiyo anza na hizo hizo sita au pungufu, hata kama ulikuwa unatembea hadi shule kila siku utotoni. Desemba London jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Ndiyo maana wengi huanza saa nne asubuhi, na ndiyo maana tochi haitoki kwenye begi langu.

Kuhusu viatu, naomba tuelewane. Wengi wetu tukisikia tope tunawaza gambuti. Gambuti linafaa kulishia ng'ombe. Ukitembea nalo maili sita mguu unacheza ndani, kisigino kinachubuka, na ukikanyaga tope zito mguu unatoka, gambuti linabaki. Nunua buti za kutembelea zinazofunika kifundo, soli yake iwe na meno marefu, na uzijaribu dukani ukiwa umevaa soksi nene za sufu. Buti nunua mpya. Koti la mvua, sweta na glovu utavipata kwenye maduka ya mitumba ya misaada, tena vizuri tu. Jinzi acha nyumbani: ikilowa haikauki, inakuwa nzito, na baridi inakuingia hadi kwenye mifupa.

Njia ninayowapeleka wageni ni ya Wendover, huko kwenye vilima vya Chiltern. Treni kutoka stesheni ya Marylebone, London, haifikishi saa nzima, na ukishuka huhitaji basi. Unapanda Coombe Hill, kimo cha mita 260, ambako kuna mnara wa kuwakumbuka askari wa Buckinghamshire waliokufa katika Vita vya Makaburu kule Afrika Kusini. (Mtu unatoka Afrika kutazama mashamba ya Waingereza, unakutana na Afrika kileleni.) Mbele kidogo njia ya Ridgeway inakatisha barabara ya kuingilia Chequers, nyumba ya shamba ya Waziri Mkuu. Kamera zipo, lakini hakuna atakayekuuliza unakwenda wapi.

Hilo huwashangaza wageni wetu kuliko tope lenyewe. Kwetu ukionekana katikati ya shamba la mtu unaulizwa unatafuta nini. Huku njia ya umma inapita shambani kwa haki ya kisheria, na mkulima akiilima inayokatisha katikati ya shamba anatakiwa airudishe. Ukiona mstari ulionyooka katikati ya ngano changa, huo ni wako, upite bila woga. Kutembea huru kwenye milima na nyika ndiko kulikopiganiwa: 1932 vijana wafanyakazi walivamia Kinder Scout, mlima uliokuwa umefungiwa umma, wengine wakafungwa jela, na sheria ya haki hiyo ikaja mwaka 2000.

Sasa tope. Chiltern lipo la aina mbili. Kwenye miteremko ya chaki ni jepesi, jeupe, linateleza kama sabuni ya kipande. Juu vilimani ni mfinyanzi uliochanganyika na mawe makali, unaganda kwenye soli mpaka unajikuta umerefuka. Tazama mishale kwenye nguzo: wa njano ni njia ya waenda kwa miguu, wa bluu ni ya farasi pia. Ukiona wa bluu Januari, kaza kamba za buti. Kwato zimechimba mashimo, mashimo yamejaa maji, na majani ya miti yamefunika yote, hujui lenye kina ni lipi. Tanguliza fimbo, piga hatua fupi, weka unyayo wote chini. Na pita katikati! Anayekwepa pembeni anapanua njia na kukanyaga mazao ya watu, halafu pembeni ndiko kwenye mwinamo, ndiko wanakoangukia. Ukiyumba usishike ua wa vichaka ulio pembeni. Una miiba, na mara nyingi seng'enge imejificha ndani.

Kiongozi yuko mbele, usimpite. Nyuma kabisa kuna mtu wa kufunga msafara. Ukitaka kuchepuka kujisaidia, mwambie huyo, la sivyo watakuacha.

Mazungumzo yenyewe yanaletwa na ngazi za mbao za kuvukia uzio. Anavuka mmoja mmoja, foleni inajipanga upya, na ukitua upande wa pili una jirani mwingine. Watu wale wale ambao kwenye treni hawakutazami usoni watakusimulia habari za mgongo wao, wajukuu wao na bei ya nyumba, kwa kuwa wote mnaangalia mnapokanyaga. Beba chapati zilizokunjiwa mayai na chupa ya chai ya tangawizi, uzidishe kidogo. Mzee mmoja wa kikundi chetu siku hizi hanisalimii kabla hajauliza kama nimekuja na chapati.

Mkiishia pabu, vua buti mlangoni au zivalishe mifuko ya plastiki. Zipo pabu zinazokubali tope na zipo zisizotaka hata kuliona, kwa hiyo fuata wanachofanya wenyeji. Ndani ya begi uwe na soksi kavu na viatu vyepesi vya kurudia kwenye treni.

Ukifika nyumbani usiweke buti juu ya hita, ngozi itapasuka. Zioshe kwa maji baridi, zijaze magazeti, ubadilishe magazeti kabla ya kulala. Suruali iache tope likauke kwanza ndipo uipige brashi, na kama umepanga nyumba na wenzako, brashi hiyo ipigie nje.