Muulize Mwalimu: nimeweka U kila mahali, mbona nimekosa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha pili, Morogoro. Tulipewa maneno tuunde nomino dhahania, yaani majina ya vitu visivyoshikika, mi nikaweka U mbele ya kila neno. Uhuru nikapata, lakini "upika", "uogopa" na "ufurahi" nikawekewa mkasi. Sasa kanuni yenyewe ni ipi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na usivunjike moyo manake hiyo U uliyoishika ni ya kweli kabisa, umekosa nusu ya pili tu.

Ukianza na neno linalotaja mtu au sifa, U inatosha: mtu unapata utu, jamaa ujamaa, tajiri utajiri, -refu urefu. Angalia nembo ya taifa letu, pameandikwa Uhuru na Umoja, zote mbili nomino dhahania, moja imetoka kwenye huru na nyingine kwenye moja, yaani hata namba inazaa. U hiyo ikikutana na e au i mara nyingi inageuka W, ndo maana tunasema wema, wepesi, wingi.

Vitenzi ndo vimekuangusha. Kitenzi kinachoishia na a hakiridhiki na U ya mbele peke yake, kinataka na mwisho wake ubadilike, na hapo kwenye mwisho ndo pana utamu wote. Chukua hiyo pika yako: toa a ya mwisho weka i, sasa k ikigusana na i inageuka sh, unapata upishi. Andika nayo hivohivo, uandishi. D inageuka z, linda ikawa ulinzi, jenga g yake nayo ikawa z, ujenzi, gomba ikatoa ugomvi na fuata ikatoa ufuasi. Yatamke kwa sauti utasikia kabisa konsonanti inavyolainika. Ila ukimalizia na o konsonanti haiguswi, ndo maana penda ina upendo wenye d na mapenzi yenye z, kitenzi ni kilekile kimeishia tofauti. Na ukimalizia na -ji pia haiguswi: upikaji, ulindaji. Upishi ni ile fani yenyewe, upikaji ni kile kitendo cha kupika au namna mtu anavyopika. Mi naona kuwapa wanafunzi orodha ya kukariri bila kuwaonesha hili ni kuwaonea.

Ogopa we ijue tu hivo, ni woga. Furahi ina asili ya Kiarabu, na maneno ya asili hiyo mara nyingi yanabadili irabu bila kuomba U: furahi furaha, amini imani, subiri subira, tubu toba. Siyo yote lakini, haribu imekubali U na ikabadili mwisho pia, uharibifu. Haya unayazoea kwa kusoma sana.

Halafu usije ukaona U ukadhani tayari ni dhahania. Ukuta, ubao, ufunguo, uji, vyote unavishika. Uandishi huwezi kuushika, ila maandishi unayaona kwenye karatasi na mwandiko wako mwalimu anaulalamikia kila siku, na yote matatu mama yao ni andika.

SWALI: Mwalimu, hapa kwetu Mombasa nasikia watu wakisema "upendo yangu" kama "furaha yangu". Si zote ni dhahania, kwani kuna ubaya?

JIBU: Upo dada yangu, kwa sababu dhahania hazina ngeli moja ya pamoja, kila neno linafuata ngeli yake. Upendo wangu, mapenzi yangu, furaha yangu, kicheko changu, msamaha wangu. Nyingi za U hazina wingi, hatusemi "mapendo mawili" tukihesabu, ila ugomvi una magomvi na uamuzi una maamuzi, kwa hiyo ukifanya mmoja sema uamuzi wangu, usiseme "maamuzi yangu" kama wanavyosema siku hizi redioni.