Umeumia Kwenye Lori? Taarifa ya Siku ya Kwanza Ndiyo Inayobeba Madai Yako

Madai mengi ya fidia ya madereva na utingo wa huku Tabora na Kigoma yanaharibika mapema sana, kabla hata ya kufika kwa mtu wa kuyaamua. Yanaharibikia Urambo, Kaliua, Uvinza au Kasulu, siku ileile ya ajali, pale aliyeumia anapomeza vidonge vya maumivu kutoka duka la dawa, anapanda kabini na kumalizia safari bila kumwambia mtu. Wiki tatu baadaye goti limevimba na kiuno hakinyooki, tajiri anauliza: "Uliumia lini, na nani alikuona?" Hapo ndipo mtu mwenye haki kamili anaanza kuonekana mwongo.

Tunaandika haya kwa ajili ya wanaoishi na malori: dereva, utingo, fundi wa tairi wa kampuni, na pia mke au mume wa dereva, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye anayehangaika na makaratasi mwenzake akiwa kitandani.

Kwanza ujue unachodai. Tanzania Bara ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Mchango wake analipa mwajiri peke yake. Hakuna senti inayotakiwa kukatwa kwenye mshahara wako. Ukiona makato yameandikwa "WCF" kwenye karatasi ya mshahara, hoji. Na fidia hii haiangalii nani mzembe. Uliteleza mwenyewe juu ya mzigo, tairi lilipasuka, mwenzako alirudisha gari bila kuangalia, vyote ni ajali ya kazini. Kinachoweza kukuharibia ni utovu wa makusudi, kama kuendesha ukiwa umelewa. Kwa hiyo usifiche kwamba "niliteleza" ukidhani utalaumiwa. Wengi hubadilisha maelezo kwa kuogopa lawama, na maelezo yanayobadilika ndiyo yanayoua madai.

Kwenye malori ya njia hizi, ajali kubwa ya barabarani siyo inayoleta ubishi. Gari likipinduka, polisi wanakuja, mchoro unachorwa, watu wanashuhudia. Ubishi unatoka kwenye majeraha ya kimya: kuanguka kutoka juu ya marobota ya tumbaku ukifunga turubai, kamba kukatika ukiwa umeivuta kwa uzito wote wa mwili, mguu kukosa ngazi ukishuka kabini usiku, jeki kuzama kwenye tope la masika, mvuke wa rejeta usoni, pete ya ringi kuruka wakati wa kujaza upepo, au kiuno kukatika ukisaidia kupakia chumvi ya Uvinza kwa sababu wapakiaji ni wachache. Mwili ukiwa bado na joto la kazi, maumivu yanajificha. Yanakuja kesho yake asubuhi, ukiwa umeshafika wilaya nyingine.

Kwa hiyo toa taarifa hata kama unahisi ni kidogo. Ikipona, hakuna aliyepoteza kitu. Mpigie simu msimamizi wako, kisha palepale andika ujumbe, maana simu haiachi alama ya ulichosema. Ujumbe wenyewe unaweza kuwa hivi:

"Habari za jioni bosi. Leo tarehe 12 Machi saa 10 jioni, ghala la Urambo, nilikuwa juu ya semi nafunga turubai. Kamba imekatika, nimeanguka chini kwa upande wa kushoto. Goti la kushoto na kiuno vinauma. Walioona ni utingo wangu na mlinzi wa ghala. Naelekea hospitali ya wilaya. Naomba taarifa hii ifike ofisini."

Angalia kilichomo: tarehe, saa, mahali, kazi uliyokuwa unafanya, kilichotokea, sehemu ya mwili na upande wake, mashahidi, na unakokwenda. Taja kila sehemu inayouma, hata inayouma kidogo. Ukiandika goti peke yake, kiuno kikija kuwa tatizo kubwa miezi miwili mbele utaambiwa hakikuwepo. Mkiwa mahali mtandao unasumbua, andika hivyohivyo na utume ukipata mnara, ukiongeza kwamba ujumbe umechelewa kwa sababu ya mtandao. Piga picha ya skrini, mtumie na mtu wa nyumbani. Simu za safarini hupotea, huibwa, huangukia kwenye maji.

Baada ya hapo, hospitali, na hapa ndipo penye kosa linalogharimu kuliko yote. Daktari anauliza, "Unasumbuliwa na nini?" Dereva anajibu, "Kiuno." Kwenye kadi linaandikwa neno moja: maumivu ya kiuno. Miezi minne baadaye picha ya eksirei inaonyesha pingili zimechakaa, kama ilivyo kwa watu wengi waliokaa kwenye usukani miaka kumi na zaidi, na kadi ya siku ya kwanza haitaji kuanguka kokote. Anayepitia madai atasema ni ugonjwa wa siku nyingi, na kwa karatasi alizonazo hatakuwa amekosea. Sema: "Nimeanguka kutoka juu ya lori nikiwa kazini, leo saa 10." Omba iandikwe hivyo. Kabla hujatoka mlangoni, soma kadi. Kama kumeandikwa ameanguka nyumbani, au tarehe siyo, rudi uombe kwa upole irekebishwe palepale. Kurekebisha siku ileile ni dakika mbili. Baada ya miezi sita ni vita.

Ajali ikiwa ya barabarani, unahitaji PF3, yaani fomu ya matibabu inayotolewa na polisi. Hali ikiwa mbaya, nenda hospitali kwanza, mwenzako afuatilie fomu. Ukipewa rufaa kwenda hospitali ya Kitete ya Tabora au Maweni ya Kigoma, au mbele zaidi hadi Bugando ya Mwanza, tunza kila karatasi: barua ya rufaa, risiti, majibu ya vipimo, cheti cha mapumziko chenye tarehe ya kuanza na kumaliza. Wanaokwenda kuchuliwa au kuungwa kwa dawa za asili hatuwakatazi, ila waanze hospitali. Mchuaji hana karatasi ya kukupa, na pengo la wiki tano bila rekodi yoyote ya matibabu linasomeka kama wiki tano za kuwa mzima.

Ushahidi wa kazini unao mkononi bila kujua: hati ya mzigo, tiketi ya mizani, risiti ya mafuta, ujumbe wa M-Pesa wa pesa ya safari, jina lako kwenye kitabu cha getini. Vyote vinathibitisha kwamba siku hiyo ulikuwa pale, kwenye gari lile, kwa kazi ya tajiri yule. Piga picha za kamba iliyokatika, ngazi iliyolegea, tope, tairi, kabla gari halijatengenezwa. Mashahidi waandike majina na namba za simu siku hiyohiyo. Mlinzi wa ghala la msimu wa tumbaku, msimu ukiisha hujui utampata wapi.

Mwajiri akishapata taarifa, ana siku 7 za kuripoti ajali kwenye Mfuko. Huo ni wajibu wake kisheria, siyo hisani anayokufanyia. Kwa upande wako, madai yanatakiwa yawasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali, na miezi 12 inapita haraka kwa mtu anayeambiwa kila wiki "tunashughulikia". Siku ya nane, uliza kwa maandishi: ajali yangu imeripotiwa? Naomba nakala au namba ya taarifa. Ukiona kimya, peleka taarifa mwenyewe WCF, au nenda Ofisi ya Kazi ya mkoa ueleze. Mwajiri kutokuwa amesajiliwa kwenye Mfuko ni kosa lake, lisikufanye unyamaze.

Kisha kuna "tuelewane". Tajiri anakuja hospitalini na matunda na laki tatu, anaomba mambo yaishe kifamilia, usaini karatasi kwamba umeshalipwa. Wengi wao wana huruma ya kweli, na msaada ni wa kupokelewa. Lakini usisaini karatasi inayosema huna dai lolote wakati hujui goti litapona au litabaki hivyo. Andikishianeni kwamba umepokea kiasi fulani kwa ajili ya matibabu, basi. Makubaliano ya pembeni hayamwondolei mwajiri wajibu wa kuripoti.

Ukiwa huwezi kazi kwa muda, malipo ya ulemavu wa muda ni asilimia 70 ya mapato yako ya mwezi, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Hapa kuna ubishi wa pili kwa ukubwa. Dereva anapokea 700,000 kwa mwezi, lakini mkataba unasema 300,000 na zilizobaki zinaitwa posho. Asilimia 70 ya 300,000 ni 210,000. Ya 700,000 ni 490,000. Tofauti hiyo ni ada ya shule. Pesa ya kula na kulala njiani ni vigumu kuitetea kama mapato, kwa kuwa ni gharama za safari. Malipo ya kudumu unayolipwa kwa kila safari ndiyo ya kupigania, na silaha yake ni taarifa za benki au za simu za miezi kadhaa kabla ya ajali. Chukua taarifa hizo mapema.

Utingo ndiye anayeumia zaidi na kukataliwa kwa urahisi zaidi. Tajiri anasema: "Simjui, alichukuliwa na dereva." Sheria haidai mkataba wa maandishi ili uwe mfanyakazi, mkataba wa mdomo ni mkataba. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi. Mgogoro ukifika mbele ya sheria na mwajiri akashindwa kuyatoa, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira unamwangukia yeye. Hata hivyo utingo atalazimika kuonyesha kwamba alikuwa akimfanyia kazi tajiri huyo. Dereva mwenye utu amtaje utingo wake kwenye kundi la WhatsApp la kampuni kila safari inapoanza, kwa jina kamili. Ujumbe kama "Natoka Kigoma na fulani" unaweza kuja kumsaidia kuliko kitambulisho.

Madai yakikataliwa, omba sababu kwa maandishi kabla hujafanya kitu kingine. Kila sababu ina dawa yake. Wakisema haikutokea kazini, jibu ni hati ya mzigo, mashahidi na ujumbe wa siku ya kwanza. Wakisema ni ugonjwa wa zamani, unahitaji maelezo ya daktari anayelinganisha hali ya kabla na baada. Kama ulipimwa afya ulipoajiriwa, tafuta majibu hayo. Wakisema umechelewa, onyesha tarehe uliyomwambia mwajiri. Kupeleka barua ndefu ya malalamiko isiyogusa sababu iliyotajwa ni kupoteza muda. Njia ya kisheria inaanzia kuomba uamuzi upitiwe upya kwenye Mfuko wenyewe, kisha rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi, na Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi baada yake. Kila ngazi ina siku zake, kwa hiyo barua ya uamuzi ikifika, iandike tarehe uliyoipokea na uulize siku hizo ni ngapi palepale.

Ubishi wa asilimia za ulemavu wa kudumu unahitaji utulivu. Ulemavu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo unakuwa pensheni ya kila mwezi. Mtu aliyepewa 28 na mtu aliyepewa 33 wana maisha mawili tofauti. Tathmini ifanyike jeraha likiwa limetulia, na siku ya kupimwa eleza kazi uliyokuwa unaifanya na usichoweza tena: kukanyaga klachi, kupanda juu ya mzigo, kukunja goti. Usiongeze chumvi. Daktari anapima mzunguko wa kiungo kwa vipimo, na akigundua unaigiza, hata la kweli halitaaminiwa.

Mwisho, jambo linalowapita wengi. Ukifukuzwa kazi ukiwa mgonjwa, huo ni mgogoro mwingine, wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, yenye ofisi Tabora na Kigoma pia. Muda wa kupeleka lalamiko la kuachishwa ni siku 30 tangu siku ya kuachishwa, na hausimami kwa sababu unasubiri fidia. Watu hukaa miezi wakingoja WCF, wakienda CMA wanaanza kuomba kuongezewa muda. Endesha mawili kwa pamoja: fidia Mfuko, ajira CMA. Na mfanyakazi akifariki safarini, familia isingoje arobaini iishe: itafute cheti cha kifo, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kama vyeti vya watoto havijawahi kukatwa, hilo ndilo la kushughulikia wiki hii, dereva akiwa bado hai na mzima.